Moshi Mweupe wa Pikapu ya Baba Yako

Nyangeta mwanangu,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya gari linapotoa moshi baada ya kubadilishiwa injini ni kuikodolea macho injini. Ndiyo ngeni, ndiyo iliyoingia juzi, kwa hiyo ndiyo inayobeba lawama. Wanaifungua, wanaifunga, wanamsema vibaya aliyeiuza, na moshi unaendelea kutoka. Hawaulizi swali ambalo lingewasaidia zaidi: ni vitu gani vya zamani vilivyobaki ndani ya gari, ambavyo sasa vimeunganishwa na injini hii mpya?

Mimi pia nililifanya kosa hilo. Kisha nikafanya jingine, la kudhani kwamba nimelikwepa la kwanza. Nakuandikia kwa sababu kesho unaondoka na pikapu ya baba yako kwenda kuanza kazi Mbulu, na nikijaribu kukueleza kwa mdomo baba yako ataingilia kati kabla sijafika sentensi ya pili. Unamjua. Mambo ya nguo, vyeti na chandarua siyagusi. Tumeyasema mpaka umeanza kuyaitikia kabla sijayamaliza. Nataka kukueleza habari ya moshi tangu mwanzo, polepole, kama nilivyokuwa nikifundisha fizikia. Soma asubuhi, kabla hujawasha gari. Chai haitapoa.

Injini ya zamani ilikuwa imechoka kwa haki. Ilibeba dagaa, saruji, vitanda vya maharusi na majeneza, na hakuna aliyewahi kuionea huruma. Mwisho wake hapa Makoko majirani walijua baba yako anarudi kwa harufu kabla ya mlio. Moshi wake ulikuwa wa bluu, na moshi wa bluu ni oili inayoungua. Weka hilo kichwani. Gari likitoa moshi mweusi, linakula petroli kuliko linavyoweza kuchoma. Likitoa wa bluu, linakula oili yake lenyewe. Mweupe ndio wenye utata, kwa sababu kuna weupe wa aina nyingi. Asubuhi ya baridi, hasa hapa karibu na ziwa, bomba la moshi hutoa mvuke ambao hupotea mara tu unapoacha bomba. Huo ni maji tu, usikunyime amani. Ukiwa mzito, ukabaki unaelea barabarani nyuma yako, na una harufu ya utamutamu, huenda maji ya rejeta yanaingia ndani ya injini. Na kuna mweupe mwingine, mzito vilevile, wenye harufu kali inayokwaruza koo. Huo ndio ulionishinda.

Fundi Mafuru wa Mukendo alipotufungia hii injini ya sasa, wewe ulikuwa bado hujarudi kutoka kwenye usaili. Ilikuja kutoka Dar imefungwa nailoni kama zawadi, na mlio wake ulikuwa mtamu kweli. Baba yako aliitia gia, akasogea hatua chache, akatazama kwenye kioo. Nyuma palikuwa hapaonekani kwa moshi mweupe uliochanganyika na wa bluu.

"Mafuru," akasema, "umetuletea mzoga."

"Mzee, mzoga hauungurumi hivi. Sikiliza mlio."

"Mlio naupenda. Lakini nimeona injini inavuta sigara kuliko mwenye gari."

Mafuru si mtu wa maneno mengi. Alifuta mikono, akapima nguvu ya kila silinda, akakuta ziko sawasawa. Akatoa plagi, akazitazama. Alikuwa na wazo lake, kwamba sili za valvu zimekauka kwa injini kukaa muda mrefu bila kuwashwa, na akataka kuifungua juu. Baba yako alikuwa na wazo lake pia, kwamba ameibiwa. Na mimi nikawa na la kwangu. Niliwaambia wote wawili watulie. Sailensa na bomba lote la moshi ni vya zamani, nikasema. Vimelowa oili ya miaka mingi, na sasa injini yenye afya inavichemsha. Tuliendeshe gari mbali, oili ile ikauke, moshi utaisha.

Wazo langu lilikuwa zuri. Nataka ulione hilo kabla sijalisema vibaya, kwa sababu mawazo mabaya hayatutesi kwa muda mrefu. Watu wanatucheka na tunayaacha. Lililonitesa mimi ni wazo lililokuwa na ukweli nusu. Uliporudi, tulienda pamoja Butiama kumwona bibi yako, unakumbuka, na tulipofika moshi wa bluu ulikuwa umepungua kabisa. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyepata jibu. Kwamba moshi mweupe ulibaki, tena ukawa unatoka kwa wingi kila ulipoinua mguu kwenye mafuta ili kupunguza mwendo, hilo nililiona na nikalisukuma pembeni. Nilikwambia sailensa bado ina mabaki. Mtu akishapata nusu ya jibu, macho yake huwa hayana haja na nusu nyingine.

Na kuna jambo ulilolisema siku hiyo pale njia panda ya Butiama, tulipokuwa tumesimama kupisha lori. Ulisema, "Mama, nikiikanyaga breki nikauacha mguu hapohapo, pedali inazama kidogo." Nikakujibu kwamba gari ni kuukuu, utalizoea. Nimelirudia jibu hilo kichwani wiki hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Miaka yote niliwaambia wanafunzi kwamba kipimo kinachokataa kukubaliana na hesabu yako ndicho cha kukishika kwa mikono miwili. Ukanipa kipimo, nikakuambia ukizoee.

Sasa nikupeleke kwenye chakula cha Jumapili, maana ndipo jibu lilipotoka, na wewe ulikuwa umeenda kanisani kuagana na kwaya.

Shangazi yako alikuwa amekuja kutoka Bunda, na Magesa wa baba yako mdogo alikuwa ametoka Butiama. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na mtama, na samaki, ningu wa kukaanga. Baba yako akaanza tena habari ya moshi, na kwamba kwa maoni yake uende na basi na hilo gari tulifugie kuku.

"Kaka, usilitukane gari," shangazi yako akasema. "Linakula, ndiyo, lakini linafanya kazi. Mimi nikimaliza kubebea dagaa zangu sijawahi kulirudisha kavu. Mara ya mwisho nimeliongezea mafuta ya breki chupa nzima."

"Chupa nzima, shangazi?" Magesa akauliza. "Mbona hata mimi niliongezaga? Wakati ule wa harusi ya Butiama. Nilifungua boneti nikakuta kikopo kiko chini, nikaona nisimrudishie baba mkubwa gari lenye njaa."

Baba yako akacheka. "Nyie mnajisumbua. Mimi naongezaga kila Jumamosi nikiliosha. Kidogo tu, kama chumvi."

Shangazi yako akapiga meza. "Jamani! Kumbe mtoto mmoja ananyonya matiti matatu, na kila mama anajua ni yeye peke yake!"

Wakacheka mpaka Magesa akapaliwa na mwiba. Mimi nilikuwa nimeshika tonge sijalipeleka mdomoni.

"Mama mkubwa, vipi?" Magesa akaniuliza. "Na wewe uliongeza?"

Sikuwa nimeongeza. Lakini nilikuwa nimelipita gari hilo kila asubuhi, nikaona chini yake pakavu. Hakuna tone. Magurudumu makavu, mabomba makavu. Na mafuta ya breki hayapungui hivyo. Si petroli kwamba yanaungua ndiyo kazi yake. Yanakaa ndani ya mabomba yaliyofungwa, yanasukuma, yanarudi. Yakishuka kidogo kwa miezi mingi kwa sababu breki zimelika, hilo ni la kawaida. Yakimaliza chupa na bado mtu mwingine anakuta kikopo kiko chini, yanakwenda mahali. Kama hayaendi chini, yanaungua. Na kama yanaungua, moshi wake ni mweupe na unakwaruza koo.

Unaijua desturi yetu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu; utatia hata viazi viwili. Baba yako aliileta desturi hiyo kwenye gari, na ukoo mzima ukaipokea. Atakayeazima gari hulirudisha likiwa na kitu zaidi: petroli, oili, maji ya rejeta, chochote ambacho mkono wake umekifikia. Sijawahi kuona uzuri kama huo ukifanya uharibifu kama huo. Kila mmoja alifungua boneti, akaona upungufu, akaujaza kwa heshima, akafunga. Hakuna aliyesema kitu, maana anayetangaza alichotia kwenye bakuli la jirani anakosa adabu. Kwa hiyo upungufu uleule ulionekana na watu watatu, na haukujulikana na yeyote.

Jumatatu nilikwenda Mukendo na baba yako. Nilimwambia Mafuru aache sili za valvu kwanza, atazame breki. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa atafute jino linalouma kwenye goti.

"Mwalimu, moshi unatoka nyuma, breki ziko mbele."

"Najua. Toa ule mpira unaotoka kwenye busta kwenda kwenye injini."

Hebu nikueleze kitu hiki, kwa sababu utakiendesha peke yako. Nyuma ya pedali ya breki kuna bakuli kubwa la chuma, mafundi wanaliita busta. Kazi yake ni kuuongezea mguu wako nguvu. Inaipata wapi nguvu hiyo? Inaazima pumzi ya injini. Injini ya petroli huvuta hewa kama mtu anayevuta soda kwa mrija, na kuna mpira mmoja mnene unaounganisha mvuto huo na busta. Mbele ya busta imefungwa pampu ya breki, yenye kile kikopo cha mafuta juu yake. Sasa tuseme mpira mdogo ulio mwishoni mwa pampu hiyo umelika. Mafuta ya breki hayatamwagika chini uyaone. Yataingia ndani ya busta, na injini itayavuta kwa ule mrija, itayachoma, itayatoa nyuma. Na unapoinua mguu kwenye mafuta, mlango wa hewa ya injini unafungwa, mvuto unakuwa mkali zaidi. Ndiyo sababu moshi ulizidi tulipokuwa tunapunguza mwendo. Ndiyo sababu pedali ilizama mguuni kwako. Yote yalikuwa yamesemwa pale njia panda, tungesikiliza.

Injini ya zamani nayo ilikuwa inayavuta, nadhani kwa muda mrefu. Lakini ilikuwa na moshi wake wa bluu, na nani angeuona mweupe ndani ya wingu lile? Tulipoleta injini nzima ndipo ugonjwa wa breki ulipoonekana, na tukamlaumu mgeni kwa kutuonyesha.

Mafuru alichomoa mpira ule. Ulikuwa umelowa ndani. Aliunusa, akampa baba yako, naye akaunusa. Kisha akasema, "Basi mzoga ni mimi." Mafuru akacheka hadi akakaa juu ya tairi. Jioni baba yako alimpelekea sato mkubwa nyumbani kwake, na sijui waliongea nini, ila alirudi akiimba.

Wakafunga pampu mpya ya breki na busta nyingine, wakasafisha mpira na njia zake, wakatoa hewa kwenye breki. Nilijaribu pedali mwenyewe. Ngumu, juu, haizami.

Ningeweza kuishia hapo, lakini jambo hili limenirudisha kwenye jingine ambalo sijawahi kukueleza lote.

Ulipokuwa darasa la tano, alama zako za hesabu zilianguka ghafla. Muhula huo alikuwa amekuja mwalimu mpya, kijana, mara yake ya kwanza kupangiwa kazi, na nilijua mara moja kosa ni lake. Anafundisha harakaharaka, nikasema. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikalisema hilo, kwa adabu ya watu wa kazi moja, ambayo ni adabu inayoumiza sana. Yule kijana akaitwa, akaonywa.

Kisha siku moja tulikuwa pale ufukweni tukimsubiri baba yako atoke kisiwani Rukuba na mzigo wa dagaa. Wenzako wakaiona boti, wakaanza kupiga kelele na kupunga mikono. Na wewe ukapunga. Ulipunga upande wa mawe, mama yangu, ambako hakukuwa na boti wala ndege. Nikakuuliza, "Unampungia nani?" Ukasema, "Baba."

Ulikuwa huoni mbali. Huenda hukuwahi kuona mbali vizuri. Mwaka mzima uliotangulia, Neema, rafiki yako uliyekaa naye dawati moja, alikuwa akikusomea ubao kwa sauti ya chini, na wewe ukiandika. Alikupenda, na hakuona haja ya kumwambia mtu. Alipohama na wazazi wake ndipo alama zilipoanguka, na muhula huohuo ndipo mwalimu mpya alipofika. Nilichunguza kilichoingia. Sikuchunguza kilichotoka, wala kilichokuwepo siku zote kikifunikwa na wema wa mtoto mwenzako.

Nilimwomba radhi yule mwalimu. Alisema, "Haina shida, Mwalimu, nimeshazoea." Alikuwa na umri kama wako leo. Nilitamani asingekuwa ameshazoea.

Nakwambia haya kwa sababu huko Mbulu utakuwa wewe ndiye mgeni. Ng'ombe waliokuwa wagonjwa kabla hujafika watakuwa wagonjwa kwa sababu ya bibi mifugo mpya. Chanjo iliyoharibika kwenye friji bovu itakuwa umeiharibu wewe. Utakasirika, na una haki. Ila usitumie nguvu zako zote kujitetea, kama Mafuru ambaye hakuchoka kutuambia injini haina kosa, na alikuwa sahihi, na moshi uliendelea kutoka. Kuwa sahihi hakukumsaidia yeye wala sisi. Tafuta kile cha zamani ambacho umeunganishwa nacho bila kujua. Uliza nani alikuwa akiongeza nini kabla yako. Mara nyingi kuna mtu mwema mahali, aliyekuwa akijaza kitu kimyakimya, na amestaafu au amehamishwa, na hakuna aliyekuwa akijua.

Na siku ikifika ya wewe kumpokea mgeni, mkumbuke yule mwalimu wa hesabu.

Kuna moja zaidi, na hili ni gumu kwangu kuliko la injini. Wewe mwenyewe unajaza kikopo kabla sijakitazama. Ulipokuwa chuoni Morogoro ulilazwa hospitali wiki nzima, na ujumbe uliendelea kunifikia kila jioni: niko poa mama, nimekula, nalala. Baadaye ndipo nikajua rafiki yako ndiye aliyekuwa akiniandikia kwa simu yako, kwa maagizo yako, ili nisihangaike. Nilimshukuru yule binti, na bado namshukuru. Lakini nilizisoma jumbe zile nikalala usingizi mzuri usiku ambao nilipaswa kuwa ndani ya basi. Ulininyima njia yangu ya kujua. Umeitoa kwetu tabia hiyo, siwezi kukulaumu. Umekulia kwenye nyumba ambayo hata gari halirudishwi likiwa na njaa. Naomba tu huko uendako, ukipungukiwa, uache tuone. Niambie "leo si nzuri" halafu uache hapo, bila kunitafutia sentensi ya kunifariji. Nitajifunza kutokuja mbio kila mara. Nami nitakuambia yangu, maana najua hata mimi nakuficha maumivu ya goti hili.

Sasa turudi kwenye gari, kwa sababu baba yako na mimi hatujakubaliana, na uamuzi tumeuacha kwako.

Yeye bado anataka uende na basi. Anasema breki zilizofungwa wiki hii zisijaribiwe kwenye milima usiyoijua. Mimi nasema kazi yako itakuwa ni kwenda kwa wafugaji, na bila gari utakuwa afisa mifugo wa ofisini. Ila amesema kweli kuhusu milima. Sekenke utapanda nyuma ya malori, na ukishafika Mbulu utakuwa unashuka Dareda kila ukiwa na shughuli bondeni. Huko pedali ikizama hakuna wa kuisemea kwamba ni gari kuukuu.

Kwa hiyo leo, siku unayosoma barua hii, ndiyo jaribio lako. Kikopo cha mafuta ya breki nimekijaza mwenyewe mpaka mstari wa juu, nikakifuta kikavu nje. Utapita Butiama kumuaga bibi yako, kisha utashuka Bunda, ambako shangazi yako amekuandalia chakula na ameapa huwezi kupita bila kulala kwake. Ni vizuri ulale. Barabara hiyo yote itaifanya injini ivute na breki zikanyagwe vya kutosha.

Moshi utauona, usishtuke. Yale mafuta ya breki yaliyotapakaa ndani ya bomba na sailensa bado yapo, na yatachemka. Nadhani mpaka unafika Kiabakari utakuwa umebaki uzi tu. Nadhani, nasema, umeshaona nadharia zangu za sailensa zinavyoweza kuwa. Usiamini moshi, wala usiniamini mimi. Ukifika Bunda, egesha mahali pa tambarare, acha injini ipoe, ufungue boneti utazame kikopo. Asubuhi kabla ya kuondoka utazame tena. Kama mafuta yako palepale kwenye mstari, moshi wowote uliobaki ni wa zamani, na wewe endelea na safari yako hadi Mbulu ukiimba. Kama yameshuka, hata kwa unene wa ukucha, liache gari uani kwa shangazi yako, chukua mabegi yako, panda basi. Hutakuwa umeshindwa, na hakuna atakayekucheka. Tutalifuata sisi na Mafuru.

Lakini unaona shida iko wapi. Kule Butiama Magesa atataka kukuaga vizuri. Na shangazi yako nimemweleza habari yote kwa simu, ameelewa, ameitikia, na mwisho akaniambia, "Sawa wifi, ila mtoto wetu hawezi kuondoka kwangu na gari kavu." Wanakupenda. Watasubiri uingie kuoga, watafungua boneti, watamimina, na asubuhi utatazama kikopo kilichojaa, uingie barabarani ukiwa umedanganywa na watu wasiowahi kukudanganya.

Milango ya pikapu inafungika vizuri, na boneti haifunguki mpaka mtu avute kishikio kilicho ndani. Leo, ufunguo wa gari usimpe mtu yeyote, hata shangazi yako.

Mama yako